Mguu wa Mzee Rautio

Tone la kwanza lilimdondokea kwenye kiatu. Nesi Tuire Lehtola aliruka nyuma, akabana midomo asije akatapika.

"Pole, binti," alisema mzee Oiva Rautio kutoka kitandani. "Mguu wangu hauna adabu. Unakojoa mbele za watu."

Haukuwa mkojo. Yalikuwa maji ya limfu, yanayopita mwilini kwenye mishipa yake yenyewe, ya manjano kama mafuta ya kupikia, yakivuja kwenye ngozi iliyokunjamana kama ya chura. Miaka sita iliyopita mzee alitolewa tezi za kinena kwa sababu ya saratani, na tangu siku hiyo maji yale hayakuwa na njia ya kupanda. Mguu ulijaa ukawa gogo. Harufu yake ilikuwa ya jibini iliyosahauliwa juani.

"Wagonjwa wasafisheni na muwafunge bandeji nyepesi, mara mbili kwa wiki," Profesa Wetterstrand alikuwa amewaagiza manesi. "Kuponya niachieni mimi."

Dawa ya profesa, aliyoihangaikia miaka ishirini pale Helsinki, ilikuwa ya kuotesha mishipa mipya ya limfu. Wagonjwa wa majaribio walilazwa majira yote ya baridi, na kila mwezi profesa mwenyewe aliwachoma sindano.

Mzee alipangiwa Tuire, naye akaomba ahamishwe. Alikataliwa. Tena chumba cha mzee kilipakana na ofisi ya manesi, na uvundo ulipenya chini ya mlango ukatua hadi kwenye mkate wake wa mchana. Mara mbili kwa wiki hazikutosha. Akaanza kumwosha kila asubuhi, pumzi kaibana, akiyasukuma yale maji juu kwa viganja kama anayekamua tambara, amalize upesi. Kisha akamfunga kuanzia vidole hadi pajani, akikaza kwa nguvu zake zote, lisidondoke tone jingine kwenye viatu vyake.

Hakuandika popote. Nesi gani angeandika kwamba anamwosha mgonjwa kwa kinyaa?

"Wee! Unanifunga kama soseji!"

"Nyamaza, mzee. Ukilowa tena utajiosha mwenyewe."

"Mke wangu alikuwa mkali hivi hivi."

"Alifariki?"

"Alihama. Harufu." Mzee alicheka peke yake. "Miaka sita sijakaa na mtu kwenye mvuke wa sauna. Nikiingia tu, kila mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani."

Tuire hakumwonea huruma. Alijichukia kwa hilo, kisha akamchukia mzee kwa kumfanya ajichukie, akavuta bandeji kwa nguvu zaidi.

Mwezi wa tatu wa majaribio mguu ulianza kunywea. Wa nne ngozi ilikauka, na mzee akavaa kiatu cha kawaida. Katika wodi nzima hakuna aliyepona kama yeye. Profesa alimpima kwa utepe, akampima tena.

"Imeota!" alimwambia mwandishi wa gazeti. "Mishipa imeota!"

Jumamosi ile mzee aliingia sauna na wanaume watatu wa wodini. Hakuna aliyekumbuka kazi nyumbani. Alirudi mwekundu kama kamba aliyechemshwa, machozi yakimtoka, akamkumbatia Tuire kabla hajakwepa. Alinukia sabuni na moshi wa kuni. Hata hivyo mwili ulimsisimka Tuire kwa kinyaa, akaenda kunawa hadi kwenye viwiko.

Theluji ilipoyeyuka, majaribio yakaisha. Ikabaki bahasha. Katika kazi ya namna ile nusu ya wagonjwa huchomwa dawa na nusu maji ya chumvi, na hata anayewachoma hajui nani kapata nini mpaka bahasha ifunguliwe mwisho. Wote walikusanyika. Keki ilikuwa mezani, na profesa alikwisha kuandaa hotuba.

Mtunza takwimu, mama mmoja mkavu asiyependa keki, alipasua bahasha.

"Anza na Rautio," profesa alisema, akitabasamu.

Yule mama alishusha kidole kwenye karatasi, akakisimamisha, akairudia mistari ile.

"Rautio, Oiva. Maji ya chumvi. Tangu sindano ya kwanza."

Hakuna aliyegusa keki. Kisha profesa akauliza, bila kumwangalia mtu, ni nani aliyekuwa akimfunga yule mzee bandeji.