Ndoo Mbili za Mama

Tangu mabomba yote yaanze kufunguka kwa kutambua kiganja cha mtu, ndoo mbili kwa kila mtu kwa siku, wazee walipata thamani ghafla. Bi Mbeleje, aliyeishi peke yake kijijini miaka sita bila mtoto kumtembelea, alifuatwa na mwanawe Chiduo kwa gari. Alilia kwa furaha njia nzima.

Kila asubuhi mkamwana wake, Suzana, alimshika mkono taratibu na kumpeleka bombani. Kiganja kikishatambuliwa maji yalitoka, na ndoo zote mbili zikaishia jikoni na kwenye nguo za watoto. Siku ya nne Bi Mbeleje aliomba maji ya kuoga.

"Leo tumefua, Mama. Jipanguse tu na kitambaa," Suzana alimwambia.

Jumapili binti yake Ndaile alifika, na Bi Mbeleje akamsikia kutoka chumbani akibishana na Chiduo sebuleni.

"Mmekaa naye vya kutosha," Ndaile alisema. "Na mimi nina watoto wanne."

"Mwache kwetu hadi kiangazi kiishe," Chiduo alijibu.

Hakuna aliyeingia kumuuliza yeye.

Kesho yake, mbele ya bomba, Bi Mbeleje alikunja ngumi. "Nirudisheni kwangu," alisema.

Chiduo, aliyekuwa amefuatana nao siku hiyo, aliinamisha uso. "Kule bomba halikutambui tena, Mama. Tulihamisha jina lako siku ile ile tuliyokuchukua."

Bi Mbeleje alimtazama mwanawe. Suzana akasogeza ndoo, akaanza kumkunjua vidole, kimoja kimoja.