Sufuria ya Tatu

Sufuria ya tatu ililetwa na Incoronata mwenyewe, jirani wa ukuta mmoja, naye hakupiga hodi.

Maarika aliipokea kwa mikono miwili. Tangu Gerardo amtoe Estonia na kumleta Lucania, kusini mwa Italia, kama mkewe, alikuwa amejifunza: usikatae chakula, usirudishe chombo kitupu, usinywe kahawa ya maziwa baada ya mlo. Kijijini hapa, mgeni akikosea adabu alichambuliwa baani na kanisani mpaka kila jambo lake lijulikane. Maarika hakutaka kuchambuliwa, hasa sasa ambapo alikuwa amewaambia watu kwamba Gerardo amekwenda kufanya kazi Ujerumani.

Lakini miaka miwili majirani hawakumletea hata yai. Leo, tangu asubuhi: tambi, nyama, na sasa supu ya kuku. Walitaka nini?

"Mnajisumbua, Shangazi. Kwani kuna sikukuu?"

"Sikukuu!" Incoronata aliguna. "Kaa ule. Umekonda kama mpini wa ufagio."

Maarika alinyoosha mkono kuwasha jiko apashe supu. Mama yule alimzuia.

"Leo jiko lako haliwashwi."

Maarika alikaa. Alichagua maneno kwa uangalifu. "Gerardo akipiga simu, nitamwambia mnavyonitunza."

"Mwambie. Alipiga lini?"

"Juzi."

"Hajambo?"

"Hajambo. Ana kazi nyingi tu."

Incoronata alimmiminia supu. "Nilimjua tangu anatambaa. Alirithi mkono wa baba yake, yule mnyama. Ukuta wetu mwembamba, mwanangu. Miaka miwili nasikia, nimenyamaza. Mungu anisamehe."

Maarika alionja supu, akaisifu kama inavyopasa.

"Shangazi, kwa nini jiko lisiwashwe?"

"Ndiyo desturi yetu. Waliofiwa hawapiki. Majirani tunawalisha."

Kijiko kilisimama hewani. "Lakini hapa hakuna aliyekufa."

"Hakuna," Incoronata alikubali, akaenda kufungua dirisha.

Chini bustanini wanaume wa mtaa walikuwa wamevua kofia, wamekizunguka kisima ambacho Maarika alikiziba kwa saruji Jumapili.

"Na askari akija kuuliza," alisema Incoronata, "sote tutamjibu hivyohivyo. Kula, mwanangu, inapoa."