Arosto ya Shomari

Siku hizi mgonjwa anayeachishwa dawa za maumivu hupewa mbebaji. Wote wawili huvishwa bangili pacha, na nusu ya arosto, yale mateso ya kuzikosa dawa, humhamia huyo mbebaji. Shomari, aliyemeza vidonge vya mgongo miaka mingi, alipewa Saumu, mjane wa mtaa wa pili.

Mkewe, Riziki, ndiye aliyepika uji wa pilipili manga wa kumpelekea mbebaji, kama ada ilivyotaka. Shomari akiupeleka, harudi upesi.

"Mwenzangu anatetemeka kwa ajili yangu, mke wangu. Nimwache peke yake?"

"Na mimi niliyekukanda mgongo miaka yote hiyo, nilikuwa nakanda ukuta?"

Riziki akaenda kituo kinachotoa bangili, akagomba mpaka Saumu akavuliwa bangili, akavishwa yeye. Akaketi mbele ya mumewe, meno kayauma, akiisubiri arosto.

Baridi ikaja. Miayo ikaja. Kisha uchu ukampanda; lakini haukuwa wa vidonge. Ulikuwa uchu wa kibaraza cha Saumu, na wa sauti yake ikisema, "Kaa kidogo, Shomari."

Na hiyo ilikuwa nusu tu.