Daktari Anaona Kila Kitu

"Usiguse chochote," simu ilisema. "Sasa hivi nimo ndani ya ubongo wa gari lako."

Kinyozi aliogopa hata kumeza mate. Alikuwa nyuma ya usukani wa gari lake, uani kwake, swichi imewashwa, injini imezimwa. Chini ya dashibodi kidude cheusi kilichozidi kiberiti kidogo kilikuwa kinametameta. Kidude huzungumza na simu bila waya, na simu huzungumza na Daktari wa Injini, mtaalamu wa mbali ambaye Kinyozi hakuwahi kumwona hata kwa picha.

"Naona tangi limebaki robo," Daktari alisema.

Kinyozi alitazama mshale. Ulisoma nusu na ushee.

"Huo mshale unakudanganya, mzee. Mimi naona namba zenyewe."

Kinyozi aliona haya kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiuamini mshale.

Haja yake ilikuwa moja. Mwisho wa mwezi binti yake wa pekee angeolewa, na ukumbi ulikuwa juu ya kilima kikali. Alitaka kumpeleka mwenyewe, kwa gari lake, kwa mikono yake. Tangu mtoto alipokuwa wa kubebwa mgongoni aliiwazia siku hiyo, na ilimliza kila alipoiwaza. Tatizo ni kwamba gari lilikuwa na kikohozi cha mlimani.

"Jumapili tunajaribu yote mawili," mkewe aliamua. "Litakalofika juu bila kukohoa ndilo litakalombeba mtoto."

La pili lilikuwa la shemeji, kaka wa mke, waliyeishi naye ua mmoja. Magari yalikuwa pacha, tofauti yao rangi tu, na yalilala ubavu kwa ubavu. Kinyozi hakuwa mchoyo. Vidude vilipokuja viwili kwenye pakiti moja, kimoja alimpa shemeji, kimwonyeshe gari linakunywa mafuta kiasi gani. Shemeji alikichomeka siku ileile na kukisahau siku ileile. Yeye kila Jumamosi alasiri aliwasha swichi, akalaza kiti, akasikiliza mpira redioni kwa sauti ya kuudhi mtaa mzima.

Jumamosi ya kwanza Daktari aliongeza nguvu asilimia kumi. Kinyozi alizunguka mtaa mara moja, akarudi akiapa kwamba hilo si gari tena, ni ndege. Jumamosi ya pili faili la kuongeza nguvu lilikataa kabisa kuingia. Tena siku hiyo ua ulikuwa umetulia, shemeji yuko safarini, hakuna hata redio ya kumvuruga mtu. Daktari alilaumu mtandao. Leo, Jumamosi ya tatu, goli lilikuwa likishangiliwa redioni, gari la shemeji, wakati faili lilipoteleza ndani bila shida.

"Leo nikupe ishirini?"

Kinyozi alisita. Asubuhi mkewe alikuwa amerudi sokoni akicheka kwamba gari la kaka yake lilimfikisha kabla hajamaliza kufunga mkanda. Roho ilimuuma.

"Nipe thelathini," alinong'ona.

Jioni alipitia kwa fundi wa kona, amwonyeshe tu. Mzee yule mwenye kucha nyeusi aliinamisha kichwa, akaisikiliza injini.

"Chujio la petroli limeziba. Niachie nusu saa."

"Fundi, zama za spana zimepita. Mimi natengenezewa kwa simu."

Fundi alijifuta mikono taratibu. "Wewe ni kinyozi. Umewahi kumnyoa mtu kwa simu?"

Kinyozi alimhurumia, akaondoka.

Jumapili binti alikaa mbele, kwa baba. "Mimi nataka lako lishinde," alisema, akamshika bega. Mama alipanda kwa kaka yake, nyuma yao.

Walianza vizuri. Katikati ya mlima gari lilikohoa mara moja, likakohoa mara ya pili, likazima. Kinyozi alijaribu kuliwasha mpaka likaacha hata kuitikia. Binti alimbusu baba yake shavuni, akashuka, akaenda kuketi kwenye gari la mjomba lililokuwa limesimama ubavuni, injini ikinguruma.

Kinyozi alichomoa ufunguo. Macho yalikuwa yamemlowa na hakujali nani anaona. Akampigia Daktari, akawasha spika ya simu.

"Daktari, umeniua! Gari limezima katikati ya mlima!"

Upande wa pili vitufe vilibofywa kidogo.

"Halijazima, mzee. Fungua ile programu ya kidude... haya, nalipata. Injini inazunguka safi kabisa."

Kinyozi alitazama ufunguo uliokuwa kiganjani mwake.

"Pole, shemeji," shemeji alisema dirishani. "Ngoja nisogee mbele kidogo, nikuvute." Akagusa mafuta, na gari likaruka kama lililochomwa sindano.

"Umeona?" Daktari alishangilia. "Hapo umekanyaga mafuta! Nguvu zote thelathini zimo, mzee. Sasa kampeleke mtoto wako."