Hapa Tunavua Viatu

Mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa chekechea, viatu vyake vikimeta.

"Mwalimu Tunu, Jumatatu unahamia darasa la saba. Huku unapoteza kipaji chako kwenye makamasi."

Tunu alikuwa amekaa mkekani, mikono imejaa udongo, watoto wamemzunguka wakifinyanga ng'ombe. Hakuinuka.

"Siendi, mwalimu. La saba litafutie mwingine. Kazi yangu ni hii, na naipenda."

"Hili si ombi."

"Na mimi nimeshajibu."

Mkuu akapiga hatua, kiatu kikakanyaga mkeka. Watoto wote wakaacha ng'ombe wao.

"Hapa tunavua viatu!" alifoka msichana mmoja mwenye pengo, akimnyooshea kidole chenye udongo.

Tunu hakumkanya. Aliendelea kufinyanga pembe, na mkuu akabaki akizitazama kamba za viatu vyake.