Mgeni Asiyetoa Mkono

Mzungu alipomwona Ng'washi anakuja na ndoo, aliacha njia akajitosa kwenye miiba. Kaptula ikanasa, goti likachubuka, naye akasimama humo humo, kaangalia ziwani, mpaka mama wa watu akapita.

"Umeona, Venant?" Ng'washi alimwambia mlinzi wake. "Kwani mimi nina ukoma?"

"Labda anaogopa ndoo, Mama."

"Ndoo! Hebu nitolee utani wako hapa."

Ilikuwa siku ya tatu sasa. Uwanja wa Ng'washi uko ukishuka kutoka Kiseke kuelekea ziwani, chini ya yale mawe yaliyobebana ambayo watalii huja kuyapiga picha. Mchana anaegesha magari ya wapita njia. Usiku analaza magari-nyumba, yale makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Anawapa maji na waya wa umeme, na anayetaka anapikiwa ugali na samaki. Wageni wote wanampa mkono, wengine wanamkumbatia kabisa, naye anacheka. Lakini huyu! Siku aliyofika alinyooshewa mkono, akaficha wa kwake mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Na watu wenyewe ndio hawa Gladness anataka niwapende," Ng'washi alisema.

Gladness ni binti yake wa pekee, nesi huko Uholanzi. Miaka mitatu iliyopita alipiga simu kusema amefunga ndoa na Mholanzi. Ng'washi akawaka. Hata picha ya huyo bwana alikataa kutumiwa. "Watu wasio na haya, hawajui hata kwamba mkwe haguswi! Atanikumbatia mbele ya mawifi zangu, nitauficha wapi uso wangu? Asikanyage kwangu!" Gladness akajibu tu, "Mtu hufundishika, Mama," na kuanzia hapo simu zikawa za Krismasi na Pasaka.

Jeuri ni jeuri, ila kila Jumamosi Ng'washi anafua shuka za kitanda cha binti yake, kitanda ambacho hakuna anayekilalia. Akishakitandika anakaa pembeni yake, analia kidogo. Venant anajifanya yuko mbali.

Sasa huyu wa gari, vituko vyake havikuishia kwenye miiba. Kila jioni alimwagiza Venant sato wawili, na yuko peke yake. Jana Ng'washi aliamua kumpelekea mwenyewe. Hakupokea. Alimpa mgongo, akasubiri sahani iwekwe juu ya jiwe na mwenye sahani aondoke, ndipo akaichukua, akaingia nayo garini na kufunga mlango. Mapazia yenyewe hayajafunguliwa tangu afike.

Sahani ilirudi na vichwa vya sato vimefyonzwa mpaka macho.

"Mzungu gani huyu?" Venant aliuliza.

"Njaa haina rangi, Venant. Osha sahani."

Basi mchana huo mvua ikatoka ziwani ghafla, mvua ya upepo. Ng'washi alikuwa amekwenda kuangalia waya wa umeme, ikabidi ajibanze chini ya turubai lililokuwa mbele ya mlango wa lile gari. Mzungu naye alikuwa juu ya mawe. Akashuka mbio, viatu mkononi, anakimbilia garini kwake. Zilipobaki hatua kumi akainua macho, akamwona mama kasimama mlangoni.

Akasimama ghafla. Akageuka. Akabaki hapo hapo kwenye mvua, kampa mgongo, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi.

"Njoo, baba!" Ng'washi aliita. "Gari si ni lako? Utaugua!"

"Hapana, asante, mama," alijibu bila kugeuza shingo.

Jamani! Hilo lilimchoma. Mtu anakubali kulowa kama kuku kuliko kusimama naye chini ya turubai moja, na turubai lenyewe ni lake! Ng'washi alitaka kumtukana, lakini wazo jingine lilikuwa limeshamfikia. Kama wanamfanyia hivi mwenye uwanja hapa hapa Mwanza, je, huko kwao mwanangu anaishije? Nani anakaa naye? Nani anampa mkono? Miaka mitatu mtoto yuko peke yake kati ya watu wa namna hii, na mama yake ndiye aliyemfungia mlango.

Akatoa simu kwenye mfuko wa sidiria, akaifuta kwa kitenge.

"Unampigia nani, Mama, kwenye radi hizi?" Venant alipiga kelele kutoka kibandani kwake.

"Gladness! Aje nyumbani. Aje hata na huyo mumewe, potelea mbali. Akitaka kunikumbatia, anikumbatie!"

Simu ikaita. Iliita sikioni mwake, na ikaita nyuma yake, ndani ya gari.

Mlango ukafunguka kidogo, kikatokeza kichwa cha Gladness, kinacheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo, Mama. Basi sogea hapo mlangoni, mkweo aingie, anakufa kwa baridi."

Ng'washi aliutazama ule mgongo uliolowa, akavuta kitenge akajifunika uso, akajitosa kwenye miiba.