Vidole vya Hina

Fundi Shaame alichonga mgongo wa fidla kutokana na kifuniko cha kasha la marehemu mkewe. Nje aliulainisha. Ndani aliacha alama za vidole vitano, za siku ile mkewe, akiwa bibi harusi, alipofunga kasha hina haijakauka.

“Baba, huku hujapiga randa,” alisema bintiye, Raya. “Ubao mnene hivi, fidla itaimba kama ina mafua.”

“Najua.”

Akapaka gundi, akaifunga. Siku ya tatu alikaza nyuzi, akapitisha upinde. Kweli, sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza.

“Tuifungue, baba?”

“Mama yako alikuwa akiamka ana sauti hii hii.”

Akaigeuza fidla, akalaza shavu mgongoni, pale ambapo kwa ndani palikuwa na vidole.